Kabla Hujalowa

Ukifika Paje au Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, saa nne asubuhi siku ya bamvua, bahari utaikuta haipo. Utaona mchanga, nyasi za baharini, vigingi vya mashamba ya mwani, wanawake walioinama kazini, na mbali kabisa mstari mweupe wa mawimbi yanayopasukia mwambani. Mgeni akiona kila mtu anatembea, naye huvua viatu akajiendea. Nusu saa ya kutembea, picha kadhaa, kombe mbili tatu mkononi. Akigeuka, wale wanawake wameshaondoka, na kati yake na mnazi alioegeshea baiskeli pana maji ya kifuani yanayokwenda kasi. Wala hakupigwa na wimbi. Maji yaliingia kwa mlango wa mwamba, yakajaza kwanza vijito vya chini vilivyo upande wa ufukweni, nyuma ya mgongo wake, yeye akiwa bado amesimama kwenye fungu kavu.

Huyo hajafa maji bado. Akitulia, atabaki pale palipoinuka na kupunga shati mpaka mwenye ngalawa amwone. Lakini kosa lake alilifanya mapema, nyayo zikiwa kavu, kwa kutouliza swali la maneno matano: leo maji yanajaa saa ngapi?

Wengi tunadhani usalama wa majini ni kujua kuogelea. Ni jambo la maana, na mtoto asiyefundishwa anadhulumiwa. Ila ukichunguza ajali za bahari, ziwa na mto katika nchi zetu, utakuta nyingi ziliamuliwa nchi kavu: saa ya kutoka, chombo cha kupanda, mtu wa kumwangalia mtoto, gari kuingizwa mtoni au kusubiri. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na wengi wao walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Hao si waogeleaji wa michezo. Ni watu waliokuwa wakichota, wakivua, wakivuka, wakicheza.

Saa ya maji

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika kama 50 kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ndiyo bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana. Unguja, tofauti kati ya kujaa na kupwa katika bamvua kubwa hufikia mita 4 hivi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na tofauti hiyo hupungua mno. Kwa aliye Unguja au Dar es Salaam, jambo la kukariri ni hili: siku za bamvua maji hukauka kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa kwenye saa kumi alasiri. Ndiyo maana wachokoaji pweza hujaa mwambani asubuhi wiki hii, na wiki ijayo huwaoni.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Igawe safari nzima ya maji sehemu 12. Saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda sehemu moja tu. Saa ya pili, mbili. Saa ya tatu na ya nne, tatu kila moja. Kisha hupoa tena: mbili, halafu moja. Pigia hesabu bamvua ya mita 4. Baada ya saa moja maji yamepanda sentimita 33, hata hushtuki. Mwisho wa saa ya pili yamefika mita 1. Mwisho wa saa ya tatu ni mita 2, mtu mrefu amefunikwa utosi. Na saa hizo za katikati ndizo mikondo nayo hukimbia kwa nguvu kuliko wakati mwingine wowote, hasa kwenye milango ya mwamba na midomo ya hori kama Mida Creek kule Watamu.

Kwa hiyo ukitaka kwenda mwambani au kwenye mafungu, ondoka maji yakiwa bado yanatoka, na yakisimama tu, geuza. Usisubiri yaanze kurudi ndipo ujiambie una muda. Njiani, kila ukivuka kijito cha maji ya magoti, kigeukie ukiangalie vizuri, kwa kuwa ndicho kitakachokuzuia wakati wa kurudi. Saa ya maji muulize mvuvi au mama wa mwani kabla ya kumuuliza mwenye hoteli. Jedwali la kujaa na kupwa linapatikana pia kwenye simu, lakini hakikisha umefungua la bandari iliyo karibu nawe. Na kama umepelekwa fungu la mchanga kwa boti ya kukodi, mwenye boti asiondoke kwenda kuchukua wateja wengine. Akisema anarudi sasa hivi, panda naye.

Upepo

Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi. Kusi huingia Aprili, hukomaa Juni hadi Agosti, na hupoa kuelekea Oktoba. Kati yake ni maleleji, bahari ikiwa shwari zaidi. Haya kila mtu wa pwani anayajua, lakini abiria anayekwenda Unguja Julai kwa ajili ya harusi hayafikirii. Meli ya abiria MV Skagit ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, katikati ya msimu wa kusi, siku ya upepo mkali.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikitangaza upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, tangazo hilo ni la wavuvi na wewe pia, hata kama ulichopanga ni kuogelea tu na watoto. Upepo ukivuma kinyume na mkondo, mawimbi husimama wima na kukaribiana, na boti ndogo ambayo asubuhi ilikwenda bila shida hurudi ikimeza maji. Wanaojua hutazama vitu viwili kwa pamoja: upepo unatoka wapi, na maji yanakwenda wapi.

Kuna upepo mwingine unaoua kimyakimya: ule unaovuma kutoka nchi kavu kwenda baharini. Ufukweni maji huonekana yametulia kabisa, na mtoto aliyelalia boya la kujaza upepo, lile la rangirangi la dukani, huondoka nalo taratibu mpaka habari zake zinasikika mbali. Mimi boya hilo ningelipiga marufuku baharini. Ni la bwawa la kuogelea, tena mama akiwa pembeni.

Ukiingia kuogelea

Coco Beach, Dar es Salaam, siku ya sikukuu inafundisha mengi kuhusu kundi la watu na maji. Kila mmoja anaona wenzake wengi majini, anajiambia pako salama, na hakuna hata mmoja anayemtazama mwenzake. Usiingie peke yako, usiingie umelewa, na usiingie mahali usipopajua bila kumwona mwenyeji akiingia kwanza. Kuruka kichwa mbele kwenye maji usiyoyajua kina ni njia ya haraka ya kuvunja shingo. Jana palikuwa na kina, leo maji yamekupwa.

Katika fukwe zilizo wazi kwa mawimbi, maji yanayosukumwa ufukweni lazima yapate njia ya kurudi, na njia hiyo huwa ni mkondo mwembamba unaotoka moja kwa moja kwenda nje. Utautambua kwa utulivu wake: pande zote mawimbi yanapasuka, na katikati pana ukanda usio na povu, au maji yamechafuka mchanga, au takataka zinaelekea baharini. Watu huuchagua ukanda huo kwa sababu unaonekana mpole. Ukiwa mkali, kasi yake huweza kuzidi mita 2 kwa sekunde, na hakuna muogeleaji wa kushindana nayo. Jambo la kukumbuka ukishachukuliwa ni kwamba mkondo huo haukuvuti chini. Unakupeleka nje, na baada ya kupita mawimbi hulegea. Anayekufa hufa kwa uchovu wa kupigana nao akiukazia macho ufuko. Lala chali, elea, pumua, inua mkono mmoja uombe msaada. Ukiwa na nguvu, ogelea sambamba na ufuko hadi utoke kwenye ukanda, kisha rudi pale mawimbi yanapopasuka, kwa maana yenyewe hukusukuma kwenda ufukweni.

Ndiyo maana anayejifunza aanze na kuelea chali kabla ya kukata maji. Masikio ndani ya maji, kidevu juu, kifua kimejaa hewa, mikono wazi, miguu ikipapasa polepole. Wengi hushindwa kwa sababu huinua kichwa kutazama vidole vya miguu; kichwa kikipanda, nyonga huzama. Maji ya chumvi hukubeba kidogo zaidi kuliko ya ziwani, hivyo aliyezoea Tanga asishangae akijiona mzito Mwanza. Ajifunze pia kuelea na nguo alizozoea kuvaa, maana hakuna anayetumbukia kutoka kwenye boti akiwa na vazi la kuogelea. Wasichana na kina mama ndio tuliowaacha nyuma zaidi. Kule Nungwi mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea na uokoaji wakiwa wamevaa mavazi yanayofunika mwili mzima, na kisingizio cha stara kikaisha.

Watoto wakiwa majini, usiseme "tunawaangalia". Wote wakiangalia, hakuna anayeangalia. Taja mtu kwa jina: shangazi mpaka saa nane, baada yake ni baba, na aliye zamu aweke simu mfukoni. Mtoto mdogo awe umbali wa mkono wako kufikia, wala si umbali wa sauti. Nyumbani ni vilevile: mtoto anayeanza kutembea huweza kufa maji kwenye ndoo ya kufulia iliyobaki na maji kidogo, kwa kuwa kichwa chake kizito kikitangulia hawezi kujinyanyua. Mwaga ndoo, funika kisima, zungushia lambo miiba. Mashimo ya kufyatulia matofali na kuchimbia kokoto, mvua ikishanyesha, ni mabwawa yasiyo na kingo za kushika. Kama mwenyewe amekataa kuyafukia, mfuate mwenyekiti wa mtaa kabla ya masika.

Kuvuka

Kabla ya kupanda chombo chochote, simama gatini dakika mbili utazame. Boti imekaa sawa au imelalia upande? Kati ya maji na ukingo wa boti pana nafasi gani? Ukiona kiganja kimoja tu na bahari haijaanza hata kuchafuka, ngoja safari inayofuata. Nauli uliyolipa isikusukume.

Kivuko cha MV Nyerere kiliruhusiwa kubeba watu 101. Tarehe 20 Septemba 2018 kilitoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara kikiwa na watu zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo, pamoja na mizigo ya siku ya gulio, na kikapinduka kikiwa kimekaribia gati ya Bwisya, watu wa nchi kavu wakiona kwa macho. Walikufa zaidi ya 220. Miaka saba kabla yake, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama nje ya Nungwi ikielekea Pemba, nayo ilikuwa imejaza kupita kiasi. Baadhi ya walionusurika walielea kwa magodoro yaliyokuwa shehena ya meli. Mei 1996 ilikuwa MV Bukoba, Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kule Mombasa. Ukizisoma taarifa za ajali hizi mfululizo, utachoka kukuta neno lile lile: kupakia.

Abiria mmoja hawezi kurekebisha shirika zima la usafiri, lakini anaweza kuchagua pa kukaa. Kaa juu na nje ukiweza, au karibu na mlango unaofunguka kwa nje. Ukiwa ndani ya chumba cha chini, hesabu viti kutoka ulipo hadi mlangoni, kwa sababu taa zikizimika utahesabu kwa mkono. Kivuko kikifika gatini, usikimbilie upande wa kushukia pamoja na umati. Uzito ukihamia upande mmoja kwa ghafla, chombo kilichozidiwa hupinduka. Kwenye kivuko cha magari kama cha Likoni au Kigamboni, shuka kwenye gari uvuke kwa miguu. Asiyeweza kushuka afungue kioo na afungue mkanda, breki ya mkono ikiwa imevutwa.

Jaketi okozi livae tangu gatini. Chombo kikishapinduka huna muda wa kutafuta vishikizo gizani. Lijaribu hivi: likishafungwa, mwambie mwenzako alivute juu kwa mabegani. Likifika masikioni, ni kubwa au halijakazwa. La mtoto liwe la mtoto, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Libonyeze: sponji iliyosinyaa, iliyokauka au inayomeguka haitabeba mtu. Hili si jambo la kumwonea haya nahodha. Mwulize yako wapi, yako mangapi, na kwa nini yamefungiwa stoo. Tanzania anayesimamia usalama wa vyombo vya majini Bara ni TASAC, na malalamiko ya chombo kilichojaza kupita kiasi yanawahusu.

Ziwani usiku

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na linatengeneza hali yake ya hewa lenyewe. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka: hewa iliyopoa hutoka pande zote za nchi kavu, hukutana juu ya maji yenye joto, huinuka, na mawingu ya radi huumuka katikati ya ziwa kati ya usiku wa manane na alfajiri. Hapo ndipo wavuvi wa dagaa wako kazini na taa zao. Kazi yao na dhoruba vina saa moja ya kuripoti.

Dalili zinajulikana kwenye kila mwalo: joto zito lisilo na upepo, radi zinazomulika upande mmoja bila sauti, halafu upepo wa baridi unaotangulia ghafla. Ukiusikia huo wa baridi, umeshachelewa kuvuta nyavu. Ziache zielee, elekea ufuko ulio karibu hata kama si wa kwenu. Samaki watavuliwa kesho, na wavu una bei inayojulikana. Kila mtumbwi ubebe jaketi kwa kila mtu, kamba, kopo la kuchotea maji, tochi na filimbi. Simu itie kwenye kopo lenye mfuniko wa kukaza na kulifunga kwenye mtumbwi. Usitegemee mifuko ya rambo: ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na hata hivyo ilikuwa inavuja. Kabla ya kutoka, mwachie mtu mwaloni maneno mawili: mnaelekea wapi, na msiporudi saa ngapi aanze kupiga simu.

Mtumbwi ukipinduka, msiuache. Mbao huelea hata ukijaa maji, na mtumbwi mzima huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Nchi kavu usiku huonekana karibu kwa sababu ya taa zake, na wengi wameanza kuogelea kuifuata wasifike. Shikamaneni, hesabuni majina kwa sauti, kunjeni magoti kifuani kwa wenye jaketi, kwani hata maji ya vuguvugu hukunyonya joto saa zikiwa nyingi.

Mto uliofurika nitausema kwa kifupi, maana hauna ufundi: usivuke. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15 huweza kumwangusha mtu mzima, sentimita 30 huweza kuondoka na gari dogo, na sentimita 60 huchukua magari mengi. Ukubwa wa gari haukulindi. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa kwenye Mto Enziu huko Kitui, Kenya, na zaidi ya watu 30 wakafa, wengine wengi wakitazama ukingoni. Chini ya maji hayo ya matope huwezi kujua kama daraja bado lipo. Bonde la Jangwani, Dar es Salaam, likijaa, lala kwa ndugu Magomeni. Na kwenye mito yenye mamba na viboko, Rufiji kwa mfano, chota maji kwa ndoo yenye kamba ukiwa juu ya ukingo, badilisha mahali mara kwa mara, na epuka machweo.

Mwenzako akizama

Methali inasema mfa maji haachi kutapatapa, na kwa sababu hiyo tunasubiri kuona fujo. Mwokoaji wa fukwe za New York, Frank Pia, aliyewachunguza watu wanaozama na kuchapisha aliyoyaona mwaka 1974, alionyesha kuwa anayezama hasa hapigi kelele na hapungi mkono. Mdomo wake unazama na kuibuka, hauna nafasi ya kuita. Mikono ameitandaza pembeni akiyakandamiza maji. Mwili umesimama wima, miguu haipigi, kichwa kimelala nyuma. Hali hiyo hudumu kati ya sekunde 20 na 60, kisha anapotea. Mtoto aliyekuwa akipiga makelele majini akinyamaza ghafla, mtazame usoni. Mwulize swali. Asipojibu, una chini ya dakika moja.

Sasa jambo gumu kulitii: usijitose. Anayezama hupanda juu ya chochote kilicho karibu naye, ikiwa ni pamoja na kaka yake, na ndiyo maana misiba ya majini huwa na majeneza mawili ya nyumba moja. Kwanza paza sauti watu waje. Akiwa karibu, lala kifudifudi ukingoni umpe fimbo, kasia, tawi, ukisimama atakuvuta. Kanga jozi moja zikifungwa fundo ncha kwa ncha hufika karibu mita 3. Akiwa mbali, mrushie kitu kinachoelea, na hapa pwani na ziwani kitu hicho hakikosekani: dumu. Mtu aliye majini hubebwa na maji karibu uzito wake wote; kinachohitajika ni kilo chache tu za kuweka uso juu. Dumu la mafuta ya kula la lita 5, tupu, mfuniko umekazwa, lina nguvu ya kubeba kama kilo 5. La lita 20 hutosha watu zaidi ya mmoja. Lifunge kamba kwenye mpini wa dumu na utie maji kidogo ndani, kiasi cha kikombe, ili lisipeperushwe na upepo ukilirusha. Rusha lipite kichwa chake, halafu livute limfikie. Mwite kwa jina, mpe amri fupi: shika, lalia, piga miguu. Kila mwalo, kila kisima kikubwa na kila boti ingeweza kuwa na dumu la namna hii limening'inizwa, rangi ya njano ikionekana kwa mbali, na haigharimu kitu.

Ukiwa na boti, mwendee ukitokea upande wa chini ya upepo, zima injini, mpandishe kwa nyuma ili msipinduke.

Akishatolewa, kuna mambo ya kukataza kwa sauti kali kabla ya kufanya lolote. Asishikwe miguu akaning'inizwa kichwa chini. Asikamuliwe tumbo, asiviringishwe juu ya pipa. Maji yanayotoka kwa njia hizo mara nyingi ni ya tumboni, na yakitoka huingia mapafuni, huku dakika zikipita bila pumzi. Tatizo la aliyezama ni kukosa hewa, kwa hiyo mpe hewa. Mlaze chali mahali pagumu. Kama haitiki na hapumui vizuri, mwinue kidevu, mbane pua, funika mdomo wake kwa wako, mpulizie pumzi 5 kifua kikiinuka kila mara. Povu likitoka mdomoni usipoteze muda kulifuta. Kisha weka viganja katikati ya kifua, ubane kwa kina cha sentimita 5 hivi, mara 30, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, halafu pumzi 2, halafu mibano 30, bila kuacha. Mtoto mdogo mbane kwa theluthi moja ya unene wa kifua chake. Mkichoka pokezaneni. Mwingine apige simu: Tanzania 114 ya Zimamoto na Uokoaji au 112, Kenya 999 au 112.

Akirudisha pumzi, mgeuze ubavu, mvue nguo zilizolowa, mfunike. Atasema yuko sawa na anataka kwenda nyumbani. Mpeleke hospitali hata hivyo, kwa sababu mapafu yaliyoingia maji huweza kuharibika saa kadhaa baadaye, akiwa amelala. Mwambie daktari alikaa majini muda gani kwa makadirio yako, kama alipoteza fahamu, na kama alipuliziwa pumzi. Usiku huo asilale peke yake. Akianza kukohoa mfululizo, kuhema haraka au kusinzia isivyo kawaida, rudini hospitali usiku huohuo.